Kabla ya kuwavisha watu wa visiwani vifaa vya afya visivyotumia waya

Mhariri,

Utafiti wa dawa umebadilika. Zamani mshiriki alifika kliniki mara moja kwa mwezi, akapimwa presha, akahesabiwa vidonge vilivyobaki, akarudi kwao. Sasa anavishwa kifaa mkononi au anabandikwa kihisi kifuani, kipimo kinapita kwa Bluetooth hadi kwenye simu yake, na simu inakipeleka kwenye seva iliyoko Nairobi au ng'ambo. Jambo hili tunaliunga mkono kwa moyo wote. Presha ya mtu aliyeteremka chomboni sasa hivi akitokea Kizingitini, kalowa na kachoka, haisemi presha yake ya siku zote. Tatizo ni kwamba vifaa hivi vimeundwa kwa miji ambayo umeme na mtandao havikatiki. Vikiletwa Lamu vilivyo, watu wa mbali ndio wa kwanza kupotea katika hesabu.

Chukua utafiti wa dawa ya presha. Mshiriki wa Amu mjini, aliye karibu na mnara, vipimo vyake vinafika kila siku. Wa Kiwayu au Kiunga vinafika nusu. Mwisho wa utafiti mtakwimu anawaondoa wenye data pungufu, kisha ripoti inasema dawa imewafaa watu wa Kaunti ya Lamu. Haikupimwa kwao, imepimwa kwa watu wa mjini. Na hao walioondolewa ndio dawa huwafikia kwa kuchelewa na zahanati iko mbali nao, kwa hiyo matokeo yao huenda ni tofauti kabisa. Ndiyo maana kila pengo liandikiwe sababu yake: betri iliisha, mtandao haukuwepo, kifaa kimeharibika, au mtu hakukivaa. Kifaa kizuri hutambua kuwa hakijagusa ngozi, na "hakuvaa" kikaiandika mbali na "sikuweza kutuma". Kisichoweza kutofautisha mambo hayo mawili hakifai kwa utafiti wa huku.

Swali la kwanza la kumuuliza mtafiti ni: kifaa kinatunza vipimo kwa muda gani kikiwa hakina mawasiliano? Mvuvi akienda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, anaweza kukaa wiki mbili bila mtandao. Kuna vihisi vya sukari vinavyobandikwa begani ambavyo hutunza data ya saa 8 tu. Usipovisomesha kwa simu ndani ya muda huo, vipimo vya zamani vinafutwa. Kwa mvuvi huyo ni sawa na kutobandikwa kitu. Mashine ya presha nayo ina ukomo wake. Yenye nafasi ya vipimo 30, mtu akipima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, hujaa siku ya 8 kisha huanza kufuta vya mwanzo bila kutoa hata mlio.

Dawa ya hili ni kuacha kuulazimisha mtandao wa intaneti mahali usipofika. Wiki moja ina vikao 14 vya kupima, asubuhi na jioni. Ukituma wastani wa kila kikao, yaani presha ya juu, ya chini na mapigo ya moyo, kila namba ikiwa na tarakimu 3, unapata tarakimu 126. Ongeza namba ya mshiriki na tarehe ya kuanzia, bado vyote vinaingia katika ujumbe mfupi mmoja wa herufi 160. Ujumbe wa aina hiyo hupita hata kwenye mnara wa kizazi cha pili, na simu ya mpokeaji ikiwa imezimwa, mtandao huushikilia ukijaribu tena. Kihisi cha umeme wa moyo ni habari nyingine. Kikichukua sampuli 250 kwa sekunde, kila moja baiti 2, siku moja ni takriban megabaiti 43. Hizo hazitumwi kwa bando la mgonjwa. Zitunzwe ndani ya kifaa na zipakuliwe siku ya kliniki.

Hata mjini penyewe mawimbi yana adui. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na mahali wazi vifaa vingi vya kuvaa hufika mita 10 hivi. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa zina kuta nene mno. Kipokezi kikiwekwa sebuleni chini na mgonjwa akalala ghorofani, asubuhi utakuta usiku mzima ni mtupu. Kiwekwe chumba kile kile anacholala, na kijaribiwe usiku mmoja kabla ya kuanza kuhesabu siku za utafiti. Mwili wa mtu pia, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji, huyameza masafa hayo: aliyelalia mkono wenye saa amejizibia mwenyewe.

Simu nayo ina ukaidi wake. Simu nyingi za Android huua programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa chaji, na huua zaidi usiku skrini ikiwa imezimwa, saa zile zile mtafiti anazotaka kujua mapigo ya moyo wa aliyelala. Lazima mtu aingie kwenye mipangilio ya betri na kuiruhusu programu ya utafiti isizuiliwe. Kwenye matoleo ya 6 hadi 11, programu nyingi haziwezi kukitafuta kifaa cha Bluetooth bila huduma ya mahali kuwashwa. Mtu akiizima kwa nia njema ya kubana chaji, kifaa kinapotea. Na ikiwashwa, fomu ya ridhaa iseme wazi kama utafiti unarekodi alipo mshiriki au hapana.

Tunaomba watafiti watuelewe kuhusu saa, maana hapa makosa hayaonekani kwa macho. Mshiriki anaandika kwenye daftari kuwa amemeza dawa saa 2. Kifaa kinasema 08:00. Anayeingiza data akiwa hajui hesabu yetu anaandika 02:00, yaani usiku wa manane, na kompyuta inaikubali. Mzee akisema alijisikia vibaya usiku wa Ijumaa, mara nyingi anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya seva inauita Alhamisi. Seva nyingi hutunza muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko mbele yake kwa saa 3. Kipimo cha kati ya saa 6 na saa 9 usiku kitaonekana ni cha jana. Dawa ni kurekodi muda pamoja na tofauti ya +3, na daftari liwe na picha ya jua na mwezi kando ya kila saa. Mwezi wa Ramadhani ukifika, kengele za dozi zihamishiwe futari na daku kwa idhini ya daktari, badala ya kumwandika mtu kuwa amekosa dozi ya mchana kwa siku 30.

Kipima oksijeni cha kidoleni tunataka kukieleza kwa kirefu, kwa sababu kinaaminiwa kuliko kinavyostahili. Hupitisha mwanga mwekundu wa nanomita 660 na mwingine usioonekana wa nanomita 940 katika kidole, kisha hulinganisha ule uliotoka upande wa pili. Hina nyekundu haikisumbui sana. Piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, ndiyo yenye matata: huzuia mwanga, kifaa kikashindwa kusoma kabisa au kikatoa namba ya chini isiyo ya kweli. Bi harusi aliyepakwa hadi kucha anaweza kuonekana mahututi ilhali anapumua vizuri. Tafuta kidole kisichopakwa, au cha mguuni. Kisipopatikana, kigeuze kibano ili mwanga upite ubavuni mwa kidole badala ya kwenye ukucha, au tumia kibano cha ndewe ya sikio. Mkono wa baridi upashwe joto kwanza. Subiri namba itulie na mapigo yaonekane sawa kabla ya kuandika.

Kosa la pili linakwenda upande wa hatari zaidi. Utafiti wa hospitali za Marekani uliochapishwa Desemba 2020 katika New England Journal of Medicine ulichunguza wagonjwa ambao kifaa kiliwapa oksijeni ya asilimia 92 hadi 96. Damu ya ateri ilipopimwa, iligundulika kuwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilikuwa chini ya 88, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Ngozi nyeusi hufanya kifaa kitoe namba ya juu kuliko ukweli. Basi mtafiti anayeweka kengele ilie chini ya 90 aeleze kifaa chake kilijaribiwa kwa ngozi za akina nani.

Kwa presha, mkanda ulingane na mkono. Mkanda wa kawaida ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Ukimvisha mtu mnene, presha itapanda uongo. Mtu akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono uko usawa wa moyo, bila kuzungumza. Apime mara mbili kwa kupishana dakika 1. Kahawa chungu, sigara na muguka visitangulie ndani ya nusu saa. Muguka ni bora uepukwe kwa muda mrefu zaidi, na ukitumika uandikwe. Vipimo vya nyumbani huhesabiwa presha ya juu kuanzia 135/85, si 140/90 ya kliniki. Halafu kuna ukarimu wetu: mashine ikiingia nyumbani, shangazi atapima, jirani atapima, na vyote vitaruka kwenda kwa jina la mshiriki. Msiwakataze, hawatakatazika. Chagueni mashine yenye kitufe cha mgeni na mfundishe kila aliyemo nyumbani kukitumia.

Upepo wa chumvi hula pini za chaja, kwa hiyo kifaa kinachochajiwa bila pini hudumu zaidi. Vinavyotumia betri za kitufe, kama ile ya CR2032 yenye kipenyo cha milimita 20, viwe na kifuniko cha skrubu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, huanza kuunguza umio ndani ya saa 2.

Kuhusu siri, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Ujumbe mfupi haufungwi kwa siri, na simu moja hutumiwa na mke, mume na watoto. Usiandikwe jina wala ugonjwa. Utafiti wa WelTel wa dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha njia: wagonjwa walitumiwa neno moja kila wiki, "Mambo?", nao wakajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Anayeisoma simu ya mwenziwe haambulii kitu. Katika kundi lililotumiwa ujumbe, asilimia 62 walisema wanameza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 katika kundi jingine.

Nguvu ya utafiti ule ilikuwa mhudumu wa kliniki aliyempigia simu kila aliyejibu "Shida" au aliyenyamaza. Hapo ndipo miradi mingi ya vifaa inapungua. Mgonjwa aliyevishwa kihisi huamini kuna daktari anayemtazama saa zote, hivyo akisikia kifua kinambana anakaa akisubiri apigiwe. Fomu ya ridhaa iseme kwa Kiswahili chepesi, na isomwe kwa sauti, kama data inatazamwa papo hapo au mara moja kwa wiki. Inapotazamwa papo hapo, kengele impigie muuguzi wa zahanati ya karibu na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa ule, si ofisi ya Nairobi pekee, na mafuta ya boti yawe yametengwa katika bajeti, kwani wakati wa kusi si kila chombo kitakachokubali kutoka usiku. Namba ya anayepokea ibandikwe kwenye kifaa chenyewe. Kamati ya maadili, kabla ya kutia sahihi, iagize ipigwe saa 8 usiku kutoka Kiunga na ione nani ataipokea.

Wauguzi na mafundi wa vifaa vya hospitali,
Lamu