Pesa ya Kazi Mtaani niliiona kwa daftari la deni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako. Kila uchumi ukibana wakubwa wanaanza kubishana kama serikali ipunguze ushuru ama itoe pesa watu wapewe kazi, na mimi nina duka hapa Mathare tangu kabla ya korona, hayo mambo nayaona kwa daftari la deni.

2020 uchumi wetu ulirudi nyuma kwa asilimia 0.3. Mwezi wa nne VAT, ile kodi inawekwa kwa bei ya vitu, ikashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, na wenye mshahara usiopita 24,000 kwa mwezi wakaondolewa PAYE, kodi inayokatwa kwa mshahara. Sikatai, kuna walionufaika. Lakini unga wa ugali haukuwa unalipiwa VAT toka mwanzo, sukuma wiki pia hailipiwi, sasa mwenye anakula hivyo viwili Jumatatu mpaka Jumapili alipunguziwa nini? Na PAYE ni ya mtu ameandikwa kazi, kijana wa mjengo akiambiwa saiti imefungwa hana PAYE ya kuondolewa.

Chenye kilifika mlangoni kwangu ni Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa kuwapa vijana wa mitaa ya mabanda kazi ya usafi wakati wa korona. Awamu ya pili ilikuwa shilingi 455 kwa siku, kwa zamu, kuzibua mitaro, kufyeka, kuokota takataka. Watu walisema ni pesa kidogo na kweli ni kidogo, lakini wacha niwaambie vile ilitembea. Kuna mama wa watoto watatu deni yake ilikuwa imefika 1,340 na nilikuwa nimeacha kumkopesha, na iliniuma sana kumkataza unga mbele ya watoto. Siku simu yake ililia kwamba pesa imeingia alikuja moja kwa moja na gambuti zikiwa na matope, akanitumia 800 hapo hapo, akachukua kilo mbili za unga, mafuta ya kupima na kipande cha sabuni. Kabla ya kafyu nilikuwa nimemlipa mtu wa maziwa, naye akamlipa wa boda aliyemletea hayo maziwa. Pesa ni ile ile, na hata haijatoka Mathare.

Linganisha na 2009, ile bilioni 22 ya kufufua uchumi Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha. Mabwawa ya samaki, masoko kila eneo bunge. Nia ilikuwa nzuri, lakini kuna masoko yalikwama miaka na miaka, na mwenye njaa hawezi ngoja simiti ikauke.

Kitu kingine ni madeni ya serikali yenyewe. Machi 2020 wizara ziliagizwa zilipe bilioni 13 za wafanyabiashara ndani ya wiki tatu, na hiyo nayo ni kufufua uchumi, tena bila kubuni mradi wowote mpya. Ndugu yangu alipeleka madawati kwa ofisi moja ya umma, akangoja malipo miaka miwili, akafuta mafundi watatu. Watatu wenye familia.

Kwa hivyo wakati mwingine mambo yakiharibika naomba nyinyi wa serikali muanzie chini, mlipe kila wiki bila kuchelewa, halafu hayo ya ushuru yafuate. Kazi ipo. Mtaro wa nyuma ya duka langu umeziba tena na mvua iko karibu.

Mwenye duka,
Mathare, Nairobi