Yah: Programu yenu imetuvurugia mti wa ukoo

Kwa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Mimi na dada yangu tulianza na faili moja ya nasaba yenye watu 412. Nikampa nakala, yeye akashughulikia upande wa mama, mimi wa baba. Baada ya miezi minane tukabofya "Unganisha", kwa kuwa maelezo yenu yanasema programu itawatambua yenyewe watu walio katika faili zote mbili.

Haikuwatambua. Wengi wametokea mara mbili, eti kwa sababu mmoja wetu alirekebisha herufi moja ya jina. Halafu babu yetu na mjukuu aliyerithi jina lake wamefanywa mtu mmoja. Nilipofungua ukurasa wa babu nilikuta ana baba wawili: baba yake mzazi, na chini yake mwanawe wa kumzaa. Babu amekuwa mtoto wa mtoto wake!

Lililoniuma zaidi ni hili. Kuna mtoto tuliyekuwa tumemweka kimakosa kwa wazazi wasio wake. Dada alikaa na bibi, akaelezwa mtoto huyo ni wa nyumba gani, akamwondoa. Kwa kuwa kwenye faili yangu alikuwa bado yupo, programu ilimrudisha palepale bila kuuliza. Vilevile, pale dada alipoandika kuwa bibi alizaliwa "karibu na 1921", pamebaki 1921 tupu, kana kwamba tunacho cheti.

Naelewa kwamba namba za GEDCOM, yaani muundo wa kuhifadhi faili za nasaba, kama @I413@ zina maana ndani ya faili moja tu. 413 wangu ni shangazi, 413 wa dada ni binamu. Lakini GEDCOM 7.0, iliyotolewa 2021, ina nafasi ya UID, kitambulisho kinachobaki na mtu popote faili yake iendako. Kwa nini mnaendelea kubahatisha kwa jina na mwaka? Na mngetuomba ile faili ya mwanzo mkazilinganisha zote tatu, ingeonekana wazi nani ameongezwa na nani ameondolewa kwa makusudi. Faili mbili peke yake haziwezi kueleza hilo.

Mabadiliko yanapogongana, tuonyesheni maandishi yote mawili tuchague wenyewe. Tupeni pia njia ya kutengua muungano mzima. Sisi tumeokolewa na nakala rudufu tu, na sasa kila usiku tunasomeana majina kwa simu, moja baada ya jingine. Tumefika la 130.

Naomba jibu la maandishi: je, mtarekebisha kasoro hii, na lini? Faili zote tatu ninazo. Nitawatumia mzichunguze, mkishanihakikishia kwamba taarifa za ndugu zetu walio hai hazitatoka mikononi mwenu.

Wenu,
Mteja wenu