Jengo la Mtongwe lipewe jina la afisa aliyeanguka vitani

Mhariri,

Kenya iliingia Somalia mwaka 2011, na wanamaji wetu walishiriki kuitwaa Kismayu mwaka uliofuata. Wapo maafisa wa jeshi ambao hawakurudi. Naomba jengo moja katika kambi ya wanamaji ya Mtongwe, hata bwalo la chakula, lipewe jina la mmoja wao, tena wa cheo cha chini (wakubwa wana barabara zao tayari). Sanamu za askari pale Barabara ya Jomo Kenyatta zinawaenzi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa jumla tu. Kibao kiandikwe kwa Kiswahili: jina, cheo, alikofia na tarehe. Na utepe ukishakatwa, mjane na watoto wasisumbuliwe getini kila wajapo kukisoma.

Mkazi wa Likoni,
Mombasa