Mdogo wangu, ile karatasi bado ninayo

Mdogo wangu,

Kadi ya mchango imenifikia. Katibu wa kamati kaniandikia mara mbili, mara ya pili na samahani nyingi, maskini, hajui kwamba dada wa bwana harusi hajaongea na bwana harusi tangu mwaka juzi. Simu zangu hupokei. Lakini hapa najua unapita, maana maelezo ninayowaandikia wanafunzi wangu huwa unayarusha kwenye kundi la ukoo bila kusema yametoka kwa nani. Basi rusha na hili.

Sikukatazi kuoa. Wifi uliyemwacha, eda yake iliisha zamani, ana duka lake la vitenge na halali njaa. Nakutakia heri, na nimefurahi kusikia umeacha sigara. Lakini ile siku haijanitoka.

Umekaa barazani kwenye mkeka, kulia kwa baba mkubwa. Wifi yuko mlangoni, nusu ndani nusu nje, mtoto mapajani, vidole vya mtoto vimevimba kama ndizi kisukari. Akakunyooshea karatasi ya majibu ya damu ya mtoto. Nilikuona ukiisoma mpaka chini. Kisha ukaikunja mara mbili, ukaiweka kwenye sinia, ukapanga kashata juu yake. Ukasema, "Kwetu hatuna damu mbovu. Waulizwe kwao." Baba mkubwa akanyoosha mkono akachukua kashata.

Maneno nimeshayasamehe, hasira kila mtu anayo. Zile kashata ndizo zinazonishinda.

Na Mama alikuwa anamimina kahawa, hakumwaga hata tone. Mama aliyezika watoto wawili kabla yako, hakuna aliyefika miaka mitano, na sisi tukaambiwa wametupiwa jini. Kwetu hatuna!

Ngoja nikueleze kama ninavyowaeleza kidato cha nne, ingawa wao hawasinzii kama wewe. Himoglobini ni protini iliyomo ndani ya seli nyekundu za damu, na protini ni shanga zilizotungwa kwenye uzi, kila shanga asidi amino moja. Himoglobini moja ina nyuzi nne: mbili za alfa, kila mmoja shanga 141, na mbili za beta, kila mmoja shanga 146. Nyuzi hizo hazilali zimenyooka. Zinajikunja na kukumbatiana, kila mmoja umefumbata chembe ya chuma, na oksijeni inakaa hapo kwenye chuma. Zihesabu zote utapata shanga 574. Kwa mwanao kila uzi wa beta umekosea shanga moja tu, ya sita. Palipotakiwa glutamiki, inayopatana na maji, imekaa valini, inayoyakimbia.

Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni, hakuna neno. Ikishaiachia, umbo lake linageuka kidogo na ubavuni panafunguka kijishimo. Valini ya jirani inaingia humo kama kifungo kwenye tundu lake. Huyo naye anashikwa na mwingine, na mwingine, mpaka ndani ya seli panajaa fito ndefu ngumu zinazoipinda iwe kama mundu. Ndiyo selimundu, kama ule mundu wa Baba wa kukatia majani ya ng'ombe. Sasa seli iliyopinda hivyo ipiteje kwenye vimishipa vya vidole vya mtoto wa miezi minane? Inakwama, damu inakwama nyuma yake, mfupa unalia. Mtoto alikuwa analia mbele yenu na nyie mnazungumza ukoo.

Usiniambie alizaliwa mzima. Wote wanazaliwa hivyo. Kichanga anatoka tumboni na himoglobini ya kwake, yenye nyuzi za gama mahali pa beta, na gama haina kosa hilo. Miezi inavyokwenda gama inapungua, beta inashika nafasi, na maradhi yanajitokeza. Mama zetu wadogo wakasema ni jicho la watu kwa kuwa ulikuwa umenunua pikipiki. Hata dawa anayomeza sasa, haidroksiurea, kazi yake kubwa ni kuufanya mwili utengeneze tena ile himoglobini ya uchanga.

Tena uzi wa beta una maagizo yake kwenye DNA, kromosomu ya 11, nakala moja kutoka kwa baba na moja kwa mama. Nakala isiyo na kosa huandikwa A, yenye kosa huandikwa S. Kwenye karatasi kulikuwa na herufi mbili, S na S. Moja ni ya wifi. Ya pili ilitoka wapi, kwenye mkeka?

Na huo ubovu uliousema. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu mwenye A moja na S moja anaikinga malaria kali kuliko mwenye A mbili. Bibi alizaa na kulea Muheza, kwenye mbu wale unaowajua, bila chandarua. Huenda S hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha uzeeni, nasi tukazaliwa.

Utaniuliza, dada, na wewe ulimi wako ulikuwa wapi? Nilikuwa kwenye kigoda, pembeni ya Mama. Mwaka 2009 chuoni tulifanya zoezi la maabara, kila mtu na tone la damu yake, tukapitisha umeme. Himoglobini A inakwenda mbele, S inabaki nyuma kwa sababu ya ile chaji ya glutamiki iliyokosekana. Wenzangu mezani walipata mstari mmoja. Mimi nilipata miwili. Nikaandika ripoti, nikapewa 18 kati ya 20, nikanyamaza.

Ndiyo, nilijua kabla hujamwoa wifi. Lakini ungenisikiliza, wewe uliyekuwa ukiniita mwalimu wa vyura? Mimi nami nilikuwa nachumbiwa. Na pale barazani, nani anamkatiza baba mkubwa? Wifi nilimlipia nauli ya kurudi kwao. Kliniki zote nampeleka mtoto mimi, hakuna niliyokosa. Sasa nilitakiwa nifanye nini zaidi?

Mama hajui kuhusu ile mistari miwili. Jamani nyie wengine mnaosoma, msimsomee Mama hili, Jumapili nitakwenda mwenyewe.

Nikuombe jambo moja. Kabla ya ndoa mwende mkapime, wewe na bibi harusi. Si kundi la damu, hilo halisemi chochote hapa. Waambieni aina ya himoglobini. Akiwa A mbili, hakuna mtoto wenu atakayekuwa na S mbili, zaeni mtakavyo. Akiwa na S moja kama sisi, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne, na ni heri mlijue hilo mapema, mkiwa wawili.

Mchango nimemtumia mhasibu. Sare iko kwa fundi, ingawa rangi mliyochagua hainikubali. Alhamisi ni kliniki. Mtoto ameuliza kama utakuja, nimemwambia uko kazini.

Ile karatasi niliitoa kwenye sinia wageni walipoondoka. Nimeipiga pasi. Doa la kashata halikutoka, ila herufi zinasomeka.