Barua kwa Neema: kipimo kimeanza kusoma

Sakina, Arusha

Rafiki yangu Neema,

Hujambo? Huku baridi ya Julai imetushika kwelikweli. Mama anakusalimu, na bado anauliza utakuja lini.

Kile kipimo cha floridi kwenye maji nilichokusimulia Pasaka sasa kinasoma. Unakumbuka shida yangu: ile dawa nyekundu ninayotia kwenye maji hupauka kidogo tu floridi inapozidi, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mwanga unabadilika kiduchu, na fotodayodi, kile kijifaa kinachogeuza mwanga kuwa mkondo wa umeme, inanipa mkondo mdogo mno, nanoampia 10 hivi. Miezi mitatu namba zilikuwa hazitulii, nikailaumu fotodayodi bure.

Kosa lilikuwa kwenye amplifaya ya kwanza, yaani kikuza ishara. Niliweka rezista ya kiloomu 100 (ndiyo inayogeuza mkondo kuwa volti), nikijiambia nitakuza mbele. Lakini kila rezista ina kelele, yaani mtikisiko wa umeme usiotakiwa, inayotokana na joto lake (Johnson na Nyquist waliiandikia mwaka 1928), na ikishaingia mwanzoni, huko mbele inakuzwa pamoja na ishara. Nikaweka megaomu 10. Ishara ikaongezeka mara 100, kelele ya rezista mara 10 tu! Sasa napata milivolti 100, na hapo ndipo pananifurahisha: volti ya rezista ikipita milivolti 50 hivi, kelele ya mkondo wenyewe, kwa kuwa elektroni hufika mojamoja, huizidi ile ya rezista. Kuanzia hapo dawa ni kuongeza mwanga.

Mguu wa fotodayodi unaoingia kwenye amplifaya nimeuinua hewani, usiguse bodi, maana mabaki ya kulehemu huvujisha mkondo. Bodi nikaisafisha kwa spiriti, nikaifungia ndani ya boksi la aluminiamu.

Umeme wa ukutani, wa hezi 50, bado ulipenya. Kwa hiyo LED, ile taa ndogo inayomulika sampuli, inawaka na kuzima mara 1,325 kwa sekunde, katikati ya vigawe viwili vya 50, nami nasoma mapigo hayo tu. Taa ya chumbani hata ikiwaka, namba haitikisiki.

Neema, nimekua nikiona meno ya binamu zangu kule Ngarenanyuki yaliyogeuka kahawia kwa floridi. Nataka mama mwenye ndoo ajue maji yake yana nini hapohapo kisimani.

Jumamosi nakwenda Maji ya Chai kuchota sampuli. Panda basi la asubuhi tuende wote, na uje na chupa za plastiki, za kioo hazifai kwa floridi.

Wako,
Elia