Msizibe matofali ya kale kwa saruji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na mafundi wenzangu Waswahili wanaojenga hapa Uingereza, na wale walionunua nyumba za zamani vijijini.

Mimi ni mwashi, naishi Norfolk. Majuzi niliitwa kwenye nyumba ya shamba ya matofali mekundu, ya karne ya 18. Kwa mbele inapendeza mno: tofali moja limelazwa kwa urefu, linalofuata limetoa kichwa, kisha urefu tena, safu juu ya safu hadi kwenye vigae. Nilipozunguka upande wa magharibi nilishika kichwa. Miaka ya nyuma kuna fundi alikwangua chokaa yote katikati ya matofali akajaza saruji. Saruji bado ngumu kama jiwe, ila matofali yameliwa. Nyuso zake zimebanduka, kila moja limebaki kishimo ndani ya fremu ya saruji. Nilipitisha kidole gumba, ukamwagika unga mwekundu.

Nyumba hizi hazina kuta mbili zenye uwazi katikati kama za leo. Ukuta ni mmoja, unene wake ni urefu wa tofali, kama sentimita 23. Mvua ikiulowesha, unyevu hutoka nje kupitia chokaa, kwa kuwa ni laini na inapitisha unyevu kwa urahisi. Ukiweka saruji umefunga mlango. Maji yanabaki ndani ya tofali, baridi kali ikija yanaganda, yanatanuka, yanapasua uso. Chokaa ikichakaa unaweka nyingine, lakini tofali lile utalipata wapi? Mara nyingi udongo wake ulichimbwa jirani tu. Vipimo navyo havilingani na vya dukani. Kuanzia 1784 hadi 1850 serikali ilitoza kodi kwa idadi ya matofali, na wapo waliofyatua makubwa ili yahesabiwe machache.

Waliojenga nyumba ile hawakuijua saruji tunayoitumia. Joseph Aspdin wa Leeds aliipatia hataza saruji ya Portland mwaka 1824. Wao walijenga kwa chokaa na mchanga, na ukuta wao umesimama.

Wenzangu mliokulia Mji Mkongwe, Unguja, hili mnalifahamu, maana kuta za mawe ya matumbawe nazo huteseka zikipakwa saruji.

Nawasihi, mteja akitaka kazi ya haraka, mkatalieni. Nyumba nyingi za aina hii zinalindwa kisheria, na kuibadili sura yake bila kibali ni kosa la jinai. Saruji iliyokwisha kuwekwa itolewe kwa patasi na nyundo, taratibu. Grainda ikiteleza mara moja imekata kingo za tofali.

Ule ukuta wa magharibi tutauanza Mei, kwa sababu chokaa mbichi haihimili barafu.

Fundi mwashi,
Norfolk, Uingereza