Kurudi nyuma si kipimo cha badiliko la kikemikali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kanuni inayokaririshwa katika madarasa yetu ya sayansi, kwamba badiliko la kiumbo ni lile linaloweza kurudishwa nyuma, na la kikemikali ni lile lisilorudi. Mjukuu wangu alikoseshwa jibu katika jaribio la shule kwa kuandika kwamba kuchaji betri ya gari ni badiliko la kikemikali. Hoja ya mwalimu ilikuwa kwamba betri iliyoisha huchajiwa ikarudi kama ilivyokuwa. Mtoto alikuwa sahihi. Betri ile inapotoa umeme, bamba zake za risasi na za oksidi ya risasi hugeuka kuwa salfeti ya risasi, na umeme wa kuchaji huzirudisha zilivyokuwa. Vitu vipya hutokea wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Kanuni hiyo haisimami hata ukiigeuza. Mahindi yakishasagwa hakuna mashine itakayourudisha unga ukawa punje, ilhali hakuna kitu kipya kilichozaliwa kinuni. Nadhani imedumu kwa sababu inaonekana kufaa pale tunapofundisha hali za maada, yaani yabisi, kimiminika na gesi: barafu huyeyuka, maji hugeuka mvuke, mvuke ukipoa huwa maji tena, na muda wote huo molekuli ni zilezile. Ndivyo ilivyo pia katika mashamba ya chumvi ya pwani, ambako kila kilo ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi ambazo jua huziacha zikiwa fuwele. Ukizitia maji, zinayeyuka upya.

Mfano ambao ningependa uingie katika kila darasa ni chokaa. Wachomaji hupanga magogo, wakapandisha juu yake mawe ya matumbawe, wakawasha tanuri hadi mawe yafikie joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi. Jiwe linalotoka humo kwa macho bado ni jiwe, tena bado ni yabisi, lakini ukilinyanyua utashangaa wepesi wake, kwa kuwa katika kila kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi, kilo 44 zimeondoka zikiwa gesi ya kaboni dioksidi na zimebaki 56 tu za chokaa ambayo bado haijazimwa. Ikimwagiwa maji, yaani ikizimwa, hufoka, hutoa mvuke, hupasukapasuka na kuwa unga mweupe. Unga huo ukichanganywa na mchanga na kupigwa ukutani, hunyonya polepole kaboni dioksidi ya hewani hadi ukawa tena kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichoingia tanurini. Hatua zote tatu ni za kikemikali, na mwisho wake ni pale tulipoanzia. Kuta za Kilwa Kisiwani, za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimeshikana kwa njia hiyo.

Gesi hiyo ya kaboni dioksidi ilichunguzwa kwa mizani na Mskoti Joseph Black, aliyechapisha majaribio yake kuhusu magnesia (unga mweupe wenye magnesiamu) na chokaa mwaka 1756. Ni huyohuyo aliyekuja kuonyesha kwamba barafu inapoyeyuka humeza joto jingi bila halijoto yake kupanda. Sidhani kama ni sadfa kwamba pande zote mbili za somo hili zilimvutia mtu mmoja.

Mafundi wetu nao wanaijua tofauti hii kwa mikono yao. Ukuta wa udongo hukauka kwa kupoteza maji, na mvua ikiupiga hulainika ukawa tope. Zege hushika kwa namna nyingine kabisa, kwa saruji kuungana na maji, ndiyo maana fundi anayejua kazi hulimwagilia kwa siku kadhaa baada ya kulimwaga, na likikosa maji mapema hubaki dhaifu.

Napendekeza basi waandaaji wa vitabu na wa mitihani waiondoe kanuni ya kurudi na kutorudi, na mwanafunzi aulizwe kama kimetokea kitu kingine tofauti na kile cha mwanzo, na amejuaje. Jaribio la kuanzia halina gharama: ganda la chokaa ya kupaka lililobanduka kwenye ukuta wa zamani lidondoshewe maji ya ndimu, na povu litakalotoka ni kaboni dioksidi ambayo chokaa ile iliivuta hewani baada ya kupakwa. Chokaa iliyotoka kuzimwa hutoa povu dogo sana au haitoi kabisa, ila hiyo ishikwe na mwalimu peke yake, maana huunguza ngozi na ikiingia jichoni inaweza kupofusha.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Tanga